Fundi wa Mto Mkavu

Mito mingi ya Ukambani hutiririka kwa saa chache tu. Mvua kubwa ikinyesha vilimani, maji mekundu huteremka kwa kishindo yakibeba magogo, mawe na wakati mwingine mbuzi wa watu, na kabla ya siku mbili kupita mto umerudi kuwa mchanga. Misimu ya mvua ni miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na wakulima wa Machakos, Makueni na Kitui huutegemea zaidi huu wa pili. Kati ya msimu na msimu, maji ya kunywa hutafutwa kwa miguu: punda, mitungi ya lita 20, na foleni kwenye shimo lililochimbwa mchangani.

Katika nchi hiyo kuna ufundi mmoja ninaoustahi kuliko mitambo mingi ya maji inayozinduliwa kwa utepe na hotuba. Ni ufundi wa kujenga bwawa la mchanga.

Ukielezwa mara ya kwanza, jambo lenyewe linachekesha. Watu wanajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu, kisha wanauacha ujae mchanga. Mhandisi wa bwawa la kawaida hupigana na mchanga maisha yake yote, maana ndio unaomfukia bwawa lake. Fundi huyu anaukaribisha. Mafuriko yakifika, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na tope jepesi huvuka juu likaenda zake. Baada ya msimu mmoja, miwili au mitatu, nyuma ya ukuta pamejaa hadi juu, na mpita njia haoni bwawa lolote ila kidaraja kimoja cha ngazi mtoni. Maji yako chini ya nyayo zake, kati ya chembe na chembe. Ukishuka karibu mita moja chini ya uso wa mchanga, jua haliwezi tena kuyanyonya. Mbu hana pa kutagia. Ng'ombe hawezi kuyaingia na kwato zake. Hakuna mafuta ya kununua wala kipuri cha kuagiza kutoka Nairobi.

Waandishi wengi wakifika hapo huishia kwenye ukuta, kwa sababu ndio unaopigika picha. Lakini ukuta ndio sehemu nyepesi. Mwashi wa kuujenga anapatikana katika kila soko la Ukambani. Anayejua ukuta ukae wapi ni adimu, na ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Fundi huyo huutembea mto kwa miguu, kilomita kwa kilomita, tena mwishoni mwa kiangazi. Asiyejua angedhani wakati wa kutafuta maji ni baada ya mvua. Baada ya mvua maji yako kila mahali na mto haukuambii lolote. Mwezi wa Septemba, penye maji pana sababu ya kuwa na maji, na fundi anaitafuta hiyo sababu.

Walimu wake wa kwanza ni akina mama wanaoteka. Hawaulizi maji yako wapi, kwa kuwa foleni anaiona. Huuliza, "Mama, shimo lipi hukauka mwisho?" Halafu, "Mkilikausha asubuhi, hujaa tena saa ngapi?" Halafu, "Ule mwaka wa njaa, mliteka wapi?" Swali la tatu ndilo lenye thamani kubwa, na mara nyingi halijibiwi na mama bali na mzee fulani aliyeketi kando, ambaye atanyoosha bakora kuelekea mahali ambapo leo hapana hata shimo, na kusema kwamba babake alichimba pale hadi kichwa kikapotea. Habari hiyo haimo katika ramani yoyote. Nimeona michoro mizuri ya miradi ya maji iliyoandaliwa bila kumuuliza hata mama mmoja, na sijui aliyeichora alikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Baada ya watu huja miti. Mkuyu uliosimama ukingoni na majani mabichi, wakati kila kichaka kimekuwa rangi ya majivu, umefikisha mizizi mahali pasipokauka. Mkuyu mmoja peke yake si ushahidi. Mikuyu ikijipanga kingo zote mbili, fundi hupunguza mwendo.

Kisha mwamba. Chini ya mchanga wa mito hii kuna mahali ambapo mwamba hukatiza kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, kizingiti ambacho kimekuwa kikizuia maji tangu zamani za kale bila kuombwa na mtu. Mashimo yaliyo juu kidogo ya kizingiti kama hicho ndiyo yale yasiyokauka. Fundi akikalisha ukuta wake papo hapo, anachofanya ni kuongeza kimo cha kazi iliyokwishaanzwa. Shida ni kwamba kizingiti chenyewe mara nyingi hakionekani, na hapo ndipo anapotoa chombo chake kikuu, ambacho ni nondo.

Ni nondo ya milimita 16, ndefu kupita kimo cha mtu, imechongwa ncha upande mmoja, na ubavuni imekatwa pengo dogo kila baada ya sentimita 25. Hupigiliwa mchangani kwa nyundo mpaka igome. Fundi hupima hivyo kukatiza mto mzima, hatua chache chache, kisha husogea juu na kurudia. Anapopigilia, anasikiliza. Mwamba wa sakafu hurudisha mlio mkavu unaopanda mpaka kwenye viwiko. Mfinyanzi hautoi mlio. Nondo hupunguza mwendo, halafu hunasa. Jiwe kubwa lililolala peke yake lina hila, maana hulia kama mwamba, lakini ukihama nusu mita nondo inapita pembeni yake na kuzama. Kwa hiyo fundi hapigi mara moja akaridhika. Hugonga, husikiliza, huhama, kama mnunuzi sokoni anavyogonga chungu upande huu na upande ule kabla ya kutoa pesa.

Uzuri wa mapengo yale huonekana nondo inapong'olewa. Unaizungusha kidogo, kisha unaivuta moja kwa moja bila kuigeuza tena, na kila pengo hupanda na chembe za mchanga wa kina chake. Fundi huzipanga kwenye kiganja: hizi kavu, hizi zina unyevu, hizi zimelowa, hizi nene, hizi laini kama unga. Kwa mapigo kadhaa ya nyundo ameshajua sakafu ya mto ilivyo, palipo na bonde na palipo na kilima, na maji yamelala upande gani. Gharama ya kifaa hicho ni kipande cha chuma na mchana mmoja wa msumeno.

Hatua inayofuata hufanywa kwa debe. Chini pametobolewa tundu na kuzibwa. Debe hujazwa mchanga mkavu wa mahali panapopimwa, halafu maji humiminwa kwa kipimo mpaka yaonekane juu. Kisha kizibo huondolewa, na yanayotoka hupimwa. Mchanga mnene, wenye chembe za milimita 1.5 hadi 5, hutoa takriban asilimia 35 ya ujazo wake, yaani lita 7 kwa debe la lita 20. Mchanga wa kati hutoa kama asilimia 25, na ule mwembamba 19. Tope hutoa 5, yaani lita moja kwa debe zima. Jambo la kushangaza ni kwamba tope nalo hunywa maji karibu sawa na mchanga. Ila likishayanywa haliyatoi. Bwawa lililojaa tope lina maji mengi ambayo hakuna mwanadamu atakayeyanywa. Erik Nissen-Petersen, Mdenmark aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, aliyaandika mambo ya namna hii mwaka 2006 katika mwongozo wake juu ya maji ya mito mikavu, na sifa yake kubwa machoni pangu ni kwamba aliandika kama mtu aliyepiga magoti mchangani.

Kuna mambo mengine ambayo fundi huyaangalia bila kutoa chombo chochote. Mifugo ikionekana inalamba mawe ya ukingoni, maji ya hapo yatakuwa ya chumvi, na hakuna ukuta utakaoyageuza. Mto unapokunja kona, mafuriko huupiga ukingo wa nje, kwa hiyo ukuta wa konani utazungukwa na maji na kuachwa umesimama peke yake kama sanamu. Mwamba wenye nyufa ndefu utavuja. Na juu ya mto kukiwa na josho la ng'ombe, vyoo vya shimo karibu na ukingo, au mahali pa kuchinjia, fundi mwenye akili huhesabu kwamba uchafu huo utasafiri mchangani pamoja na maji.

Baada ya yote hayo, jibu lake mara nyingi huwa, "Hapa hapana."

Neno hilo humgharimu. Kikundi kimeshakusanya mawe. Mheshimiwa wa wadi amekwisha kuahidi kwenye mazishi kwamba bwawa litajengwa karibu na shule, ambako kwa bahati pia ni karibu na kwake. Mfadhili ana tarehe ya kufunga hesabu. Mwashi wa kawaida angesema sawa, angelipwa, na angeondoka akiwa ameacha ukuta imara kabisa usio na maji. Ukambani kuna kuta za namna hiyo. Zitaishi kuliko waliozijenga. Fundi ninayemsifu hubeba nondo yake na kutembea tena kilomita mbili juu, akifuatwa na kikundi kilichonuna. (Wapo pia wanaotafuta maji kwa vipande viwili vya waya vinavyoshikwa mikononi, ambavyo eti hupishana vyenyewe mtu akipita juu ya maji. Sibishani nao. Ila nimegundua kwamba hata wao, kabla ya kutoa waya, huwauliza akina mama.)

Ufundi huu haukuanza jana. Machakos ina mabwawa ya mchanga yaliyojengwa katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, na kusini-magharibi mwa bara letu, nchi inayoitwa leo Namibia, mhandisi Otto Wipplinger alichapisha mwaka 1958 utafiti wake juu ya kuhifadhi maji ndani ya mchanga. Lakini kilichoufanya kuwa wa wenyeji ni vikundi. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni, Machakos, walianza kujenga kwa mikono yao, na kazi ile ikakua kuwa shirika. Huko Kitui, shirika la SASOL lilijenga mabwawa mamia tangu miaka ya 1990, mengi yakifuatana kwenye mto mmoja ngazi baada ya ngazi, kwa hoja kwamba maji yanayopita chini ya ukuta mmoja yakutane na ukuta mwingine mbele. Majirani wa chini ya mto huogopa kunyimwa, na hofu yao inaeleweka; lakini mchanga ukishashiba, mafuriko yote yanayofuata hupita juu ya ukuta, na kinachobaki nyuma ni sehemu ndogo sana ya maji yaliyokuwa yakienda baharini.

Wanaojenga ni mwethya, vikundi vya kazi ya pamoja ambavyo Wakamba wamelima na kujengeana navyo tangu zamani, na siku za leo ukihesabu vichwa kwenye mto utakuta wengi ni wanawake. Wao hutoa mawe, mchanga, maji na mikono. Saruji na nondo hununuliwa, mara nyingi na mfadhili. Vikundi vingi havipewi saruji kabla ya kuchimba matuta ya fanya juu katika mashamba ya kando ya mto. Mtu asiye na subira ataona hilo ni urasimu. Ukweli ni kwamba udongo wa shamba lisilo na matuta ndio tope litakalojaza bwawa, kwa hiyo ujenzi wa bwawa huanzia shambani, kwa jembe.

Mtoni kwenyewe, kwanza mchanga huondolewa mpaka mwamba uonekane wote, ukingo hadi ukingo. Hapo utamjua mwashi wa kweli. Hausugui mwamba kwa kuupendezesha. Huusugua kwa brashi ya waya, huuosha, huondoa kila kibanzi kilicholegea, kisha huupaka uji wa saruji kabla ya jiwe la kwanza. Asipofanya hivyo, saruji itashika vumbi badala ya mwamba, na maji yatapata njia ya unene wa wembe, ambayo kila mwaka yataipanua. Nondo za milimita 12 hupandwa kwenye matundu yaliyotobolewa mwambani. Ukuta huwa mnene chini na mwembamba juu.

Mawe huchaguliwa kwa nyundo pia: linalolia ni zuri, linalofifia lina ufa ndani. Huoshwa. Huwekwa kwa namna ambayo hakuna jiwe linalogusa jingine bila udongo wa saruji kati yao, sehemu moja ya saruji kwa tatu au nne za mchanga, na kila baada ya safu kadhaa hulazwa seng'enge kutoka ncha moja ya ukuta hadi nyingine. Sikutarajia kuiona seng'enge humo, lakini mantiki yake ni safi: ni ya bei nafuu, ni chuma kinachovutika bila kukatika upesi, na miiba yake hushika saruji isiteleze. Mabawa ya ukuta huingizwa ndani ya kingo, mbali kuliko macho yanavyodhani inafaa. Kwenye ukingo wa udongo laini huingia mita kadhaa. Mafuriko hayavunji ukuta kwa kuusukuma kifuani, huutafuta pembeni.

Halafu huja kichekesho cha pili cha kazi hii. Saruji inahitaji kunyweshwa ili ikomae, wiki tatu au zaidi, kila asubuhi na jioni, na mto ni mkavu. Basi akina mama wale wale waliokuwa wakitembea kutafuta maji ya kunywa hutembea kutafuta maji ya kuunywesha ukuta. Ukuta hufunikwa magunia na mchanga ili unyevu usikimbie. Ni katika wiki hizo, kazi ya kuonekana ikiwa imekwisha na hakuna mgeni anayekuja kupiga picha, ndipo kuta nyingi huharibika bila mtu kujua.

Sehemu ya katikati ya ukuta huachwa chini kuliko mabawa, mafuriko yapite hapo. Na hapo mafundi wamegawanyika, mgawanyiko ambao umedumu kwa miongo mingi. Upande mmoja husema sehemu hiyo ipandishwe hatua kwa hatua, kama sentimita 30 kwa kila hatua. Sababu yao ni kwamba maji yakikuta ukuta mrefu hutulia nyuma yake, na maji yaliyotulia huangusha tope. Yakikuta ukuta mfupi hubaki na mbio, huacha mchanga mnene tu na kuondoka na tope. Ukijaa mchanga, pandisha tena. Wengine hujenga kimo chote mara moja. Husema mito mingi ya Ukambani ina mchanga wa kutosha, kwamba mafuriko yatakayofuata yataparura tope la juu, na kwamba kikundi kikishatawanyika kwenda kupanda mahindi, kukikusanya tena kwa sentimita 30 ni kazi kuliko kujenga.

Wote wawili wana mabwawa ya kuonyesha. Mimi naegemea upande wa hatua, nikijua kwamba ni rahisi kwangu kusema hivyo kwa kuwa si mimi nitakayebeba mawe mara ya tatu. Kinachonivutia ni kwamba hoja yao inataka fundi arudi. Mradi wa maji ambao mjenzi wake analazimika kurudi mwaka kesho, na mwaka kesho kutwa, una jicho la kuuangalia.

Tuje kwenye usalama wa maji yenyewe. Kwamba mchanga husafisha maji si imani ya kijijini. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Mji huo ulikuwa ukivuta maji ya mto Elbe na kuwapa watu bila kuyachuja. Jirani yake Altona ulivuta maji upande wa chini wa mto huo huo, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia, lakini uliyapitisha kwenye matangi ya mchanga kwanza. Kuna mahali mpaka wa miji hiyo miwili ulipita katikati ya mtaa mmoja, na ugonjwa ukakoma upande mmoja wa mtaa. Robert Koch aliitumia habari hiyo kama ushahidi, na baada yake haikuwa rahisi tena kwa mji wowote kudharau mchanga.

Bwawa la mchanga si tangi la Altona. Halikupangwa kwa tabaka, na halina mtu wa kulikwangua. Lakini maji humo hutembea polepole sana, katikati ya chembe nyingi, gizani, na vijidudu vingi hunaswa au hufa njiani. Hufika kisimani yakiwa mang'avu ajabu kwa mtu aliyeyaona yakija mekundu.

Kisha binadamu anaweza kuyaharibu kwa dakika moja, kwa namna ya kuteka. Shimo la wazi mchangani ndilo njia ya zamani, na lina adabu zake: huzungushiwa matawi ya mgunga, huchotwa kwa kibuyu, na mama makini huyamwaga maji ya kwanza na kungoja mapya yajichuje. Punda hupewa shimo lao, chini ya la watu. Hata hivyo kamba, viatu, mikono na mavi ya mbuzi hufika. Maji ya shimo la wazi huwa machafu kuliko ya kisima kilichofunikwa katika bwawa hilo hilo. Kwa hiyo fundi aliyejua kupiga nondo ana faida ya pili: anajua tayari palipo na kina kirefu kabisa cha mchanga, na hapo, au ukingoni mkabala na hapo, huchimba kisima, hukijengea duara la matofali ya zege, hukifunika kwa kifuniko cha zege na kuweka pampu ya mkono. Pampu inayopendwa ni Afridev, ambayo ilibuniwa na kujaribiwa Malawi na kwetu Kwale katika miaka ya 1980, kwa shabaha kwamba wanakijiji wenyewe, wakiwemo akina mama, waweze kuifungua na kubadilisha mipira yake kwa spana moja.

Wapo waliopitisha bomba katikati ya ukuta na kuweka koki upande wa chini. Hurahisisha kuteka, lakini mafundi wengi huliangalia bomba hilo kwa wasiwasi: ni pengo ulilolitoboa mwenyewe katika ukuta uliojitahidi usiwe na pengo, na koki ikivunjwa usiku mmoja bwawa zima linaweza kushuka. Nakubaliana nao. Tena pampu au koki, mama mwenye mtoto mchanga nyumbani bado hutia dawa ya klorini kwenye mtungi, au huchemsha, na hakuna fundi wa maana atakayemwambia aache. Mchanga hupunguza kazi ya dawa, hauiondoi.

Adui mkubwa wa ufundi huu siku hizi ni lori. Nairobi inajengwa kwa mchanga, na mchanga mnene, safi, ule ule unaotoa lita 7 kwa debe, ndio unaolipiwa vizuri. Usiku mmoja wa makoleo unaweza kuchukua kilichokusanywa na mafuriko ya miaka. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na kuna vikundi vinavyolinda mto wao kwa zamu. Sheria ni nzuri. Lakini kijana anayepakia lori hulipwa pesa taslimu alfajiri hiyo hiyo, na faida ya mchanga uliobaki mtoni hulipwa Septemba, kwa mtungi, kwa mama yake. Sijasikia hesabu iliyowahi kuwekwa mbele ya kikao cha kijiji ikaeleza hilo vizuri kuliko debe lenye tundu, na sioni kwa nini debe hilo libaki la mafundi peke yao.

Mafuriko ya kwanza yakipita, fundi hurudi. Huanzia upande wa chini wa ukuta, anapotazama kama maji yanayoanguka yamechimba mguu wake. Yakiwa yamechimba, patapangwa mawe makubwa ya kuvunja nguvu ya maji. Hukagua ncha za mabawa kwa kidole, akitafuta unyevu mahali panapopaswa kuwa pakavu. Halafu hupanda juu, hupiga magoti nyuma ya ukuta na kuchimba kwa mkono mpaka kiwiko. Utando wa tope juu haumsumbui. Utakauka, utapasuka vipande na kuondoka na mafuriko mengine. Anachotaka ni kilicho chini yake. Akikuta mchanga mnene unaokwaruza ngozi, huupima kwa nondo, huandika namba kwenye daftari, na kumwambia mwenyekiti wa kikundi ni karai ngapi za mawe zitahitajika kwa sentimita 30 zinazofuata. Mwenyekiti huwatazama wenzake. Mahindi yamekwisha kuota na palizi inakuja, kwa hiyo mjadala unaofuata ni mrefu, na mara nyingi huishia kwa Jumanne na Alhamisi, asubuhi tu, mpaka Februari.